Kuvua Samaki Ukiwa Ufukweni: Dhana Potofu za Sisi Watu wa Nairobi

Likizo ya Desemba ikikaribia, treni ya Madaraka Express hujaa watu wanaoteremka Pwani, na katikati ya masanduku hukosi kuona fimbo mpya ya kuvulia, karatasi ya duka bado haijabanduliwa. Ni burudani nzuri. Tatizo ni maneno tunayopeana huku bara kabla ya safari.

"Bahari ni maji tu, ukifika unatupa ndoana."

Hii ndiyo inayowaponza wengi. Ziwa Naivasha ukiliacha jioni, asubuhi utalikuta palepale. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa pale Mombasa inaweza kukaribia mita 4. Siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Ndio wakati ambao mgeni ameshiba mahamri na anashuka ufukweni na fimbo begani. Anachokuta Diani ni mchanga, majani ya baharini na vidimbwi hadi karibu na mwamba. Samaki wameondoka na maji yao.

Maji yakianza kurudi, tasi na changu huingia nayo kutafuta chakula juu ya miamba na kwenye majani. Saa mbili tatu kabla ya maji kujaa ndizo za kukaa macho. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka: saa nne ileile maji yamejaa, ingawa si kwa kishindo cha bamvua. Kila siku nyakati husogea mbele kwa kama dakika 50, kwa hiyo saa aliyokutajia rafiki aliyetoka huko wiki jana haikufai kitu. Tafuta jedwali la maji la Mombasa kabla hata ya kukata tiketi.

"Maji yakipwa, tembea hadi mwambani uvue kule nje."

Wenyeji huenda, lakini wanajua njia ya kurudi. Maji yanaporudi hutangulia kujaza mifereji iliyo nyuma yako, kati ya mwamba na ufuo, na wewe macho yako yapo kwenye mshipi, uzi wa kuvulia. Unageuka, ulipopita kwa miguu mikavu sasa ni kiunoni. Maji yakianza tu kugeuka, kunja vitu urudi.

"Lazima uwe na fimbo ya bei, na urushe mbali sana."

Mtoto wa Pwani huvua kwa mshipi uliozungushwa kwenye chupa ya plastiki. Anaulegeza mshipi miguuni, anazungusha chubwi, kile kizito cha kuzamishia ndoana, mara mbili tatu hewani, anauachia, kisha anaulaza juu ya kidole cha shahada asikie samaki akidonoa. Chambo ni kipande cha kamba wa baharini au ngisi, kidogo, kwa sababu mdomo wa tasi ni mdogo. Fimbo inasaidia, sikatai, lakini anayerusha kwa nguvu zote mara nyingi hupeleka ndoana kwenye matumbawe, na huko itabaki. Jambo dogo lenye faida kuliko fimbo: lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Nailoni ikikazwa kavu hupata moto wa msuguano na kudhoofika, ikakatika samaki akiwa karibu kabisa.

"Bahari ni ileile mwaka mzima."

La. Majira ya upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, bahari huwa tulivu zaidi. Upepo wa kusi ukishika katikati ya mwaka, mawimbi ni makali. Anayekwenda likizo ya Agosti ajue hivyo.

"Bahari haina mwenyewe."

Hifadhi za baharini za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968, na ndani ya eneo la hifadhi kuu huruhusiwi kuvua hata samaki mmoja. Mombasa na Kisite nako kuna maeneo ya namna hiyo. Uvuvi wa burudani nao una leseni yake. Kila ufuo wa wavuvi huwa na kamati yake, maarufu kama BMU (Beach Management Unit). Wasalimie wazee wa hapo kwanza, uliza mipaka iko wapi.

"Samaki ni samaki, mshike umtie kwenye mfuko."

Sisi tuliozoea tilapia wa City Market ndio hasa wa kuonywa. Miiba ya tasi ina sumu. Haiui, lakini maumivu yake utayasimulia. Ukichomwa, tia mkono kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili bila kujiunguza, kwani joto huivunja sumu hiyo. Bunju, samaki anayejivimbisha, ni habari nyingine kabisa: sumu yake haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga, na inaua. Samaki akivimba kama puto mkononi mwako, mtoe ndoana taratibu umrudishe majini.