Injini ya Mkiani Haifuti Msuguano

Kuna wazo la kuweka feni ya injini kwenye mkia wa ndege, ivute ile hewa iliyopungua kasi kwa kupita kwenye bodi. Nimeulizwa tena juu yake, hapa Kisumu, safari hii na fundi wa ndege aliyesoma vizuri tu: "Mwalimu, si ile feni ya mkiani inanyonya tabaka mpaka, basi msuguano unaisha?" Hauishi. Naandika ili atakayefuata nimtumie kiungo, niendelee na chai yangu.

Tabaka mpaka mnalijua: hewa iliyoburuzwa na bodi ya ndege, inayozidi kunenepa kuelekea mkiani. Hewa hiyo ikifika kwenye feni, msuguano umeshakula sehemu yake. Tena feni ikiivuta kwa kasi kupita ngozi ya mkia, msuguano wa hapo unaweza hata kupanda kidogo.

Faida iko kwenye bei ya msukumo, yaani nishati unayotumia kuisukuma ndege mbele. Chukua kilo moja ya hewa, kasi ukizipima kutoka ndani ya ndege. Hewa safi ikiingia kwenye feni kwa mita 200 kwa sekunde na kutoka kwa 250, umetumia jouli 11,250. Hewa ya tabaka mpaka ikiingia kwa 150 na kutoka kwa 200, msukumo ni uleule, lakini jouli ni 8,750. (Nimetia chumvi kwenye tofauti ya kasi ili ionekane.) Ukiiacha hewa hiyo, inabaki ikikokotwa nyuma ya ndege huku injini zikirusha mkondo wao upande wa pili, na vyote vinaishia kuwa joto la bure. Wajenzi wa meli hawaoni ajabu hapa. Propela ya MV Uhuru, meli ya Ziwa Victoria, iko nyuma, ndani ya maji ambayo meli yenyewe imeshayaburuza.

Sasa linaloniudhi hasa: "Ukinzani (kani ya hewa inayoirudisha ndege nyuma) umepungua kwa asilimia ngapi?" Swali hilo halina jibu! Feni ikishakaa mkiani inabadilisha shinikizo la hewa kwenye bodi, na bodi inabadilisha hewa inayoingia kwenye feni. Niambie wewe, bodi inaishia wapi na injini inaanzia wapi? Ukichora mstari hapa, ukinzani unashuka na msukumo unashuka nao. Ukiusogeza kidogo, vyote vinapanda. Ndiyo maana Mark Drela, mhandisi wa ndege wa chuo cha MIT, Marekani, alipendekeza mwaka 2009 tuhesabu nishati inayotumika kwa sekunde, tuache kugombania kani. Uliza hivi: kwa kasi ileile, ndege inahitaji nguvu kiasi gani? Hapo jibu lipo. Modeli ya D8, ndege ya dhana yenye injini mkiani, ilipopimwa kwenye handaki la upepo (chumba cha kupulizia modeli hewa) la kituo cha NASA cha Langley mwaka 2013, ilihitaji takriban asilimia 8 pungufu kuliko ile yenye injini kwenye hewa safi. Ukinzani unaotokana na mbawa kubeba uzito haukuguswa.

Mimi mwenyewe nina shaka zangu. Kila mzunguko, panga la feni hupita hewa ya polepole, kisha ya kasi, kisha ya polepole tena. Chuma huchoka hivyo. NASA ilijaribu feni ya kuvumilia vurugu hizo kwenye handaki la kituo chake cha Glenn mwaka 2016, lakini handaki si miaka ishirini ya kazi. Halafu STARC-ABL, ndege nyingine ya dhana, ya NASA: feni yake ya mkiani inataka megawati 2.6 za umeme kutoka kwenye injini mbili za mbawani. Jenereta, mota, nyaya na vipoozeo vyote vina uzito, na sijashawishika kwamba uzito huo hautameza sehemu kubwa ya akiba.

Na kabla hujauliza: hapana, huwezi kuipachika feni hiyo kwenye Dash 8, ndege za abiria za propela zinazotua hapa. Mkia wake haukuchorwa kubeba feni, na injini zake hazina umeme wa kiasi hicho wa kugawa.