Kuku wa Silkie hukaguliwa kuanzia miguuni

Nikipewa kuku wa aina ya Silkie nimkague, jambo la kwanza ninalofanya ni kumgeuza na kumhesabu vidole. Wageni wanaofika kwenye maonyesho ya kuku hapa Uingereza hushangaa, kwa kuwa wao wamevutwa na kishungi cha manyoya kichwani na yale manyoya laini mithili ya pamba iliyochambuliwa. Lakini manyoya ya Silkie ni pazia. Unyoya wa kuku wa kawaida una vijikulabu vidogo mno vinavyoshikanisha nyuzi zake hadi ukawa bapa na mgumu. Silkie hana vijikulabu hivyo, kila uzi husimama peke yake, na kwa sababu hiyo kuku aliyekonda hadi mfupa wa kifua umechongoka kama kisu anaweza kuonekana amenenepa vizuri. Macho peke yake hayatoshi hapa, na ni lazima mkono upite chini ya manyoya.

Kuku wengi wana vidole vinne kila mguu, ilhali Silkie anatakiwa kuwa na vitano. Kidole cha tano kijitenge kabisa na cha nne na kipinde kuelekea juu, bila kugusa ardhi. Kasoro zinazojitokeza mara kwa mara ni viwili hivyo kuungana shinani, kidole kimoja kubeba kucha mbili, au kuzuka cha sita. Katika miaka yangu ya mwanzo nilinunua jogoo mweupe mwenye kishungi cha kupendeza, nikaridhika na kichwa chake nisiangalie miguu, na vifaranga vyake vikatoka na vidole vilivyoungana, banda zima. Ilinigharimu misimu mitatu ya kuchagua na kuondoa kabla ya kasoro hiyo kupungua.

Baada ya vidole nafunua manyoya ya kifuani kwa kuyapuliza. Ngozi iwe nyeusi yenye rangi ya buluu iliyofifia, kwani weusi wa Silkie umeingia hadi kwenye nyama na mifupa, na ndiyo maana Wachina humwita kuku wa mifupa nyeusi. Miguu iwe na rangi ya risasi, macho meusi, uso na undu, yaani kile kinyama cha juu ya kichwa, vya rangi ya zambarau iliyoiva, na ndewe za masikio za buluu ya feruzi zinapendeza sana. Undu wa jogoo huwa mpana, wa mviringo, wenye vinundu na mfereji unaoukata katikati kwa upana. Akiwa na undu wa meno kama msumeno, au uso mwekundu kama wa kuku wa kienyeji, najua kuna damu ya kuku mwingine.

Kisha nafungua bawa, na hapa ndipo wengi huteleza. Bawa zuri hufunguka kama kipepeo cha mkononi bila pengo katikati, na likiachiliwa hurudi mahali pake na kubana mwilini. Likiwa na pengo kati ya manyoya ya nje na ya ndani, au ncha zikining'inia nje hata ndege akiwa ametulia, simweki kwenye kundi la wazazi, hata kama alishinda jana, kwa kuwa kasoro hiyo hurithiwa. Ndege wa kushinda na ndege wa kuzalisha si lazima wawe mmoja. Mwamuzi humpima ndege aliye mbele yake siku ile; mimi mfugaji nampima pamoja na vifaranga ambavyo bado havijatagwa.

Kuhusu uzito, mnunuzi aulize kwanza kuku anatoka nchi gani. Kiwango cha Uingereza kwa Silkie wakubwa ni takribani kilo 1.8 kwa jogoo na kilo 1.4 kwa jike. Marekani, ambako aina hii iliingizwa kwenye kitabu cha viwango mwaka 1874, huhesabiwa kuwa kuku mdogo, na jogoo wake ni kama kilo moja tu.

Mwezi uliopita shemeji yangu alinipigia kutoka Arusha akiwa amekasirika. Alikuwa amempandisha jogoo wa Silkie kwa kuku wa kienyeji wenye miguu ya njano, na vifaranga vilipokua vikaota manyoya ya kawaida kabisa. "Shemeji, nimetapeliwa, huyu si Silkie," alisema. Nikamuuliza, "Vidole je?" Akaenda bandani kuhesabu, akarudi: "Vitano." Basi hakutapeliwa. Jeni ya manyoya laini haionekani mpaka kifaranga airithi kwa baba na mama wote wawili. Kidole cha tano na kishungi vinaweza kujitokeza kwa urithi wa upande mmoja. Nilimwambia pia aangalie ngozi, kwamba wenye ngozi nyeusi kwenye uzao ule huwa majike na wenye ngozi nyeupe huwa majogoo, kwa sababu mama mwenye miguu ya njano huwapa watoto wa kiume jeni inayozuia weusi na hawapi wa kike. Jambo hili lilielezwa na wanasayansi wa urithi William Bateson na Reginald Punnett mwaka 1911, waliowachunguza Silkie waliochanganywa na aina nyingine. Akiwapandisha machotara hao wao kwa wao, takribani mmoja kati ya wanne atakuwa na manyoya laini, ila kazi ya kusafisha ngozi, undu na miguu itakuwa ndiyo kwanza inaanza.

Kwa wasio machotara, kutambua jinsia ni mtihani wa subira. Mimi siuzi tembe, yaani jike mchanga, kabla ya miezi mitano, kwani hata baada ya miaka yote hii bado pora, yaani jogoo mchanga, hunidanganya. Dalili ninayoiamini ni kishungi: cha jike hufunga duara, cha dume hutoa nyuzi ndefu zinazoelekea nyuma.

Katika malezi, hatari kubwa iko kichwani. Silkie wengi wenye kishungi kikubwa huzaliwa na fuvu lililovimba juu kama nusu ya kokwa, na mfupa wa hapo haujaziba sawasawa. Ukipitisha kidole taratibu utausikia uvimbe huo. Pigo moja la mdomo wa kuku mzito laweza kumuua kifaranga au kumwacha na shingo iliyopinda, kwa hiyo siwachanganyi na aina nyingine kamwe. Shingo iliyopinda naitibu kwa kumtenga ndege, kumlisha kwa mkono, na kumpa vitamini E na seleniamu. Wengine hupona, wengine hapana. Vilevile Silkie hushambuliwa sana na ugonjwa wa Marek, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku, na chanjo yake hutolewa siku kifaranga kinapototolewa. Manyoya yao hayazuii maji, hivyo mvua ikiwanyeshea hulowa hadi kwenye ngozi, na sakafu ya banda lazima iwe na maranda makavu kila wakati.

Kabla ya msimu wa kupandisha napunguza kwa mkasi manyoya yanayozunguka tundu la nyuma kwa jike na kwa jogoo pia, la sivyo mayai mengi hutoka bila mbegu. Wale wa maonyesho siwagusi. Hao huogeshwa siku tatu au nne kabla kwa maji ya vuguvugu na shampuu laini, husuuzwa mara mbili, kisha hukaushwa kwa mashine ya nywele huku nikiinua manyoya kwa vidole. Weupe hukaa kivulini, kwani jua kali huwapa umanjano usiotoka kwa sabuni yoyote.

Majike wenye mabawa mabovu siwachinji. Silkie hupenda kuatamia kuliko kuku yeyote niliyewahi kumfuga, na sasa hivi mmoja wao, aliyewahi kunipa nafasi ya pili kwenye maonyesho kabla sijajifunza kufungua bawa, amelalia mayai sita ya bata.