Mwanga Umezimika, Rangi Ipo: Dhana Potofu Kuhusu Rangi Zinazong'aa

Taa ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti bandia, si kitu adimu Nairobi. Ukishuka Luthuli Avenue na kuulizia, huikosi. Kinachopatikana kwa shida ni maelezo sahihi ya kinachoonekana ukishaiwasha: rangi zinazong'aa zikimulikwa nayo, jambo liitwalo fluoresensi.

Dhana: Mwanga ukififia, rangi imeharibika.

Si lazima. Mimina tonic, kile kinywaji chungu chenye gesi, kwenye glasi, zima taa za nyumba, kisha uimulike. Itang'aa buluu kwa sababu ya kwinini iliyomo, ileile iliyotibu malaria miaka nenda miaka rudi. Sasa koroga kijiko cha chumvi: buluu inafifia hapohapo. Kwinini haijaenda popote. Molekuli yake ikishanyonya urujuanimno hukaa na nishati hiyo kwa takriban nanosekunde 20 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde), kisha huitoa kama mwanga. Ioni za kloridi za chumvi huigonga kabla haijafika hapo, na nishati inaishia kuwa joto. Sukari haifanyi hivyo. Tonic yenyewe kwa kawaida ina sukari na bado inang'aa.

Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ni habari nyingine: hiyo huvunja molekuli yenyewe. (Usiijaribu kwenye tonic. Tonic ina asidi, na mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini.)

Dhana: Rangi ileile hutoa mwanga uleule popote.

Fluoreseini, ambayo daktari wa macho huiweka jichoni kutafuta mikwaruzo, hung'aa kijani vizuri kwa kuwa machozi si asidi. Kamulia limau kwenye maji yenye rangi hiyo uone inavyofifia.

Mfano ninaoupenda zaidi ni auramini O, inayotumika maabara kutafuta vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Ikiwa ndani ya maji matupu haing'ai karibu kabisa, maana molekuli yake hujipindapinda na kupoteza nishati. Ikinasa mahali inapobanwa isijipinde, hata kwenye kimiminika kizito tu, inawaka.

Dhana: Rangi nyingi, mwanga mwingi.

Hadi kiasi fulani. Molekuli zikisongamana huzimana.

Dhana: Rangi hizi huhifadhi mwanga.

Zima taa, tonic inazimika papo hapo. Vile vibandiko vya nyota vinavyoendelea kung'aa kwenye dari la chumba cha watoto ni fosforesensi, jambo tofauti kabisa.