Masharti ya chakula na umri wa Wamormoni: maswali na majibu

Wamormoni, yaani waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wanasifika kwa mambo mawili: hawavuti wala hawanywi pombe, na wanaishi miaka mingi. Ni rahisi kusema la kwanza ndilo lililozaa la pili. Lakini masharti yao ni mengi na uzito wake haulingani. Lipo linalookoa maisha, na lipo ambalo kwa afya halina faida iliyothibitishwa.

Sheria yao ya afya inasema nini hasa?

Inaitwa Neno la Hekima, na ni sehemu ya 89 ya kitabu chao cha Mafundisho na Maagano. Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa hilo, aliitoa kama ufunuo tarehe 27 Februari 1833 huko Kirtland, jimbo la Ohio, Marekani. Inakataza mvinyo na vileo vikali, tumbaku, na "vinywaji vya moto", ambavyo viongozi wa kanisa walifafanua kuwa ni chai na kahawa. Chai ya kijani nayo imo kwenye katazo, na kahawa hata ikiwa baridi. Soda yenye kafeini haikatazwi. Upande wa kuhimiza, sheria inataja nafaka, matunda ya msimu na mimea ya kuliwa, na inasema nyama iliwe kwa uchache.

Mwanzoni ilichukuliwa kama ushauri. Mwaka 1921, wakati wa uongozi wa Heber J. Grant, kuishika kukawa sharti la kupata kibali cha kuingia hekaluni, jengo la ibada maalumu lisilo kanisa la kila Jumapili. Kumbuka jambo hili, kwa sababu linagusa takwimu zote zinazofuata.

Je, ni kweli wanaishi zaidi ya wenzao?

Ndiyo. Utafiti wa Ray Merrill wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, uliochapishwa mwaka 2004, ulitumia takwimu za miaka ya 1990 za Utah, jimbo la Marekani lenye Wamormoni wengi. Wastani wa umri wa kuishi kwa wanaume Wamormoni ulikuwa miaka 77.3, na kwa wanaume wasio Wamormoni 70.0. Kwa wanawake ulikuwa 82.2 dhidi ya 76.4. Tofauti ni miaka 7.3 na 5.8.

Lakini tazama na upande wa pili wa mizani. Mwaka 1998 wastani wa Marekani nzima ulikuwa miaka 73.8 kwa wanaume na 79.5 kwa wanawake. Kwa hiyo hao majirani wa Utah walikuwa chini ya wastani wa nchi yao wenyewe. Ukiwapima Wamormoni hao na Marekani nzima, tofauti inashuka hadi kama miaka 3.5 kwa wanaume na 2.7 kwa wanawake. Bado ni faida kubwa, ila ni karibu nusu tu ya ile inayotajwa mara nyingi.

California nako, James Enstrom na Lester Breslow walifuatilia Wamormoni karibu 10,000 walioshika dini kwa dhati, kuanzia 1980 hadi 2004. Waliofanya vizuri zaidi walikuwa na sifa nne: hawajawahi kuvuta sigara, wanahudhuria kanisani kila wiki, wana ndoa, na wamesoma angalau miaka 12. Katika kundi hilo, kila palipotarajiwa vifo 100 kwa kulinganisha na Wamarekani weupe wenzao, vilitokea kama 45 kwa wanaume na 55 kwa wanawake. Katika sifa hizo nne, inayotoka kwenye Neno la Hekima ni moja tu, ya sigara. Ya chakula haimo hata moja.

Tumbaku peke yake inaeleza kiasi gani?

Merrill alipiga hesabu hiyo. Kwa wanaume, tumbaku ilieleza kama mwaka 1.5 katika ile miaka 7.3, kwa wanawake, mwaka 1.2 katika 5.8. Ni kama sehemu moja ya tano.

Wengi hushangaa kuona namba ndogo hivyo, maana sigara inajulikana kwa kuua. Sababu ni kwamba huu ni wastani wa watu wote, wavutaji na wasiovuta. Chukua wanaume 100, 20 kati yao wanavuta. Kila mvutaji akipoteza miaka 10, jumla ni miaka 200, na ukiigawa kwa watu 100 kila mmoja anaangukiwa na miaka 2. Wastani unaificha hasara ya yule anayevuta.

Na hiyo miaka 10 si ya kubuni. Richard Doll na wenzake walifuatilia madaktari wanaume wa Uingereza kwa miaka 50, na matokeo waliyoyatoa mwaka 2004 yalionyesha kuwa waliovuta maisha yao yote walikufa mapema kwa kama miaka 10. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alirudishiwa kama miaka 3. Akiwa na 50, miaka 6. Akiwa na 40, miaka 9. Na aliyeacha akiwa na 30 aliirudisha karibu yote. Mzee wa miaka 60 anayesema "kwangu mimi limeshapita" anakosea hesabu. Kupunguza kutoka sigara 20 hadi 5 hakufanyi kazi hiyo, kwa sababu moyo na mishipa huumia hata kwa sigara chache kwa siku. Ugoro na tumbaku ya kutafuna haviendi mapafuni, lakini husababisha saratani ya kinywa.

Miaka iliyobaki inatoka wapi?

Sehemu inatoka kwenye pombe. Kutokunywa kunapunguza ajali, ugonjwa wa ini, na saratani za kinywa, koo, umio (mrija wa kupitisha chakula), ini, utumbo mpana na matiti.

Sehemu nyingine inatoka kwenye jamii yenyewe. Mtu anayeonekana kila Jumapili akikosekana anatafutwa, na mgonjwa anapelekewa chakula nyumbani. Hayo hayajaandikwa kwenye orodha ya vyakula, lakini tafiti nyingi, hata nje ya dini hii, zimeonyesha kuwa wenye watu wa kuwajali hufa wachache zaidi kuliko wapweke.

Ipo pia sehemu inayotokana na namna watu wanavyohesabiwa, na hapa ndipo sharti la mwaka 1921 linapoingia. Anayevuta au kunywa hapati kibali cha hekalu, na wengi wa namna hiyo hujitenga polepole. Aliye mgonjwa sana naye hawezi kuhudhuria kila wiki. Ukihesabu "walioshika dini kwa dhati", umeshawachuja wagonjwa na wavutaji kabla hujaanza kuhesabu vifo. Ndiyo maana si sawa kusema kila mwaka wa ziada umeletwa na sheria.

Kuacha chai na kahawa kunaongeza maisha?

Hakuna ushahidi wa hilo. Tafiti kubwa za kufuatilia watu zimeonyesha kinyume: wanaokunywa kahawa vikombe 3 hadi 4 kwa siku hufa wachache kidogo kuliko wasiokunywa kabisa. Huo ni uhusiano tu, hivyo asiyekunywa hana haja ya kuanza.

Hatari iliyo wazi zaidi ni ya moto wenyewe. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vinywaji vyote vya zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Hili linatugusa, kwa sababu saratani hiyo ni nyingi katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, magharibi mwa Kenya na Kilimanjaro vikiwemo, na vipimo vilivyochukuliwa Kilimanjaro vilikuta watu wakianza kunywa chai ikiwa na joto la kama nyuzi 70. Chai inayotoka kwenye chupa mpaka uivute kwa mdomo ukipuliza ni ya moto mno. Mimina kwenye kikombe kipana, au ongeza maziwa yaliyochemshwa na kupoa, kisha subiri. Uji wa moto nao huunguza umio vilevile.

Kwa mjamzito au mwenye upungufu wa damu, chai ina kasoro nyingine: ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma ya maharage na mboga yasifyonzwe vizuri. Aachanishe chai na mlo kwa saa moja hivi.

Na nyama, nafaka, sukari?

Agizo la nyama kidogo na nafaka ni zuri, lakini ndilo linaloshikwa kwa ulegevu kuliko yote. Hakuna anayenyimwa kibali kwa kula nyama. Sukari haikutajwa kabisa, na Utah ina maduka mengi ya soda zilizochanganywa na sharubati na krimu. Kopo moja la kola la mililita 355 lina gramu kama 39 za sukari, karibu vijiko 10 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana 25.

Mfungo wao wa kila mwezi una faida gani?

Jumapili ya kwanza ya mwezi huacha milo miwili mfululizo, bila chakula wala maji, kwa kama saa 24, na thamani ya milo hiyo hutolewa kwa maskini. Watafiti wa moyo wa Salt Lake City waliona mwaka 2008 kuwa waliozoea kufunga walikutwa na mishipa ya moyo iliyoziba kwa uchache zaidi. Lakini anayefunga kila mwezi mara nyingi ndiye pia asiyevuta, na mgonjwa hafungi, hivyo utafiti huo hautoshi kuthibitisha chanzo.

Mwenye kisukari anaweza kufunga saa 24?

Anayetumia insulini au glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) asifunge kabla ya kuonana na daktari wake, kwa sababu dawa huendelea kushusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Kanisa lenyewe halimlazimishi mgonjwa. Akiruhusiwa, apangiwe upya dozi na apime sukari mara kadhaa katika siku hiyo. Kupima kidole hakuhesabiwi kuwa kumevunja mfungo. Kipimo kikishuka chini ya 3.9 mmol/L, au akitetemeka, kutoka jasho la baridi na kuchanganyikiwa, avunje mfungo papo hapo: vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari kwenye maji, apime tena baada ya dakika 15, arudie ikiwa bado iko chini, kisha ale chakula cha kawaida. Akipoteza fahamu asinyweshwe chochote mdomoni, maana kitaingia kwenye mapafu. Alazwe kwa ubavu na akimbizwe hospitali.