Spishi nyingi si kinga dhidi ya mimea vamizi

Wengi huamini kwamba mahali penye spishi nyingi za asili hapavamiwi na mimea ya kigeni, kwa kuwa kila nafasi imeshashikwa. Mwanaikolojia Mwingereza Charles Elton aliijenga hoja hiyo mwaka 1958, na kwenye kipande cha mita moja ya mraba mara nyingi ni kweli. Ukipima eneo pana, mambo hugeuka: palipo na wenyeji wengi, mara nyingi ndipo penye wageni wengi pia. Udongo mzuri na maji haviulizi mmea umetoka wapi.

Kinachoamua zaidi ni rutuba iliyobaki bila mlaji, usumbufu wa ardhi, na wingi wa mbegu zinazoletwa. Tazama nyanda za udongo wa serpentini, yaani uliotokana na mwamba wa jina hilo, karibu na San Jose, California. Udongo ule ni maskini wa naitrojeni, na kwa muda mrefu nyasi zilizotoka Ulaya na nchi za Mediterania hazikuumudu. Kisha moshi wa magari ukaanza kuleta naitrojeni kupitia hewa. Nyasi zikapata mbolea ya bure, zikayasonga maua ya asili. Ajabu ni kwamba ng'ombe, ambao kwingineko hulaumiwa kwa kuharibu uoto, huko ndio wanaozidhibiti. Malisho yalipositishwa, nyasi zilitawala.