Maka peni haifutiki? Kwa maji, si kwa jua

Kwenye vitalu vingi vya parachichi, kuanzia Rungwe hadi Njombe, lebo za miche huandikwa kwa maka peni, kwa kuwa wino wake unajulikana kuwa haufutiki. Kwa mvua ni kweli. Kinachoumaliza ni jua, na huku kwetu nyanda za juu mionzi yake ni mikali hata siku ya baridi. Rangi ya wino huvunjwavunjwa na mwanga, na "Hass", jina la aina ya parachichi, hubaki kivuli tu.

Penseli, ambayo wengi huiona dhaifu, hudumu zaidi: risasi yake ni kaboni, na jua haliipaushi. Tumia penseli laini, yenye alama ya 2B. Plastiki inayoteleza ikwangue kwanza kwa msasa, la sivyo penseli haishiki.

Mti wa kudumu upe bati la kopo la soda. Kata kipande, kunja kingo zisikukate, kiweke juu ya gazeti, andika ukikandamiza kwa kalamu iliyoisha wino. Waya wa kulifungia mtini uache na nafasi. Shina likinenepa, waya uliobana hukata gome.

Kupima ni rahisi: andika jina kwa maka na kwa penseli kwenye lebo moja, funika nusu ya kila andiko, iache juani miezi sita, kisha linganisha.