Pingamizi Dhidi ya Mitambo ya Upepo Lina Mlango, na Lina Siku Zake

Siku hizi barua zinazofika kwenye dawati letu kuhusu miradi ya umeme wa upepo zimeongezeka, na nyingi zinafika zimechelewa. Mwananchi anaandika wakati tingatinga liko tayari shambani, barabara imechongwa na shimo la msingi limechimbwa. Anaomba mradi usimamishwe. Ukifungua jalada unakuta tangazo lilitoka, siku za maoni zikapita, leseni ikatolewa, na kutoka kijiji chake haikuja hata karatasi moja. Malalamiko yake huenda yana uzito, lakini mlango aliogonga ulishafungwa.

Ndiyo sababu ya makala haya. Nitaeleza wapi pa kugonga na lini. Mifano nitakayotoa ni ya mambo yanayojulikana hadharani, na maelezo haya hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili kuhusu shamba lako.

Kwanza, kupinga mradi si uhalifu wala si kukosa uzalendo. Ibara ya 42 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani kuitetea bila hata kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Nawaomba machifu na wawakilishi wadi wanaowaita wapinzani wa miradi "maadui wa maendeleo" wazisome ibara hizo mbili. Mwananchi akinyamazishwa barazani hubaki na hoja yake, ila safari ijayo ataipeleka barabarani.

Tuliyaona Kinangop, kaunti ya Nyandarua. Mradi ulikuwa wa mitambo 38 ya kuzalisha megawati 60.8, na fedha zake zilikuwa zimepatikana. Lakini Kinangop ni nchi ya mashamba madogo ya viazi, kabeji na ng'ombe wa maziwa, boma likitazamana na boma. Watu waliuliza wataishi wapi, watalima wapi, na mtambo utasimama hatua ngapi kutoka kwenye chumba cha watoto. Majibu yalichelewa, uvumi ukayatangulia. Mwaka 2015 maandamano yaligharimu maisha ya mtu, na mwaka 2016 mradi ukafutwa. Hakuna aliyeshinda pale. Mwekezaji alipoteza, na wakazi waliosikilizwa mwishoni walikuwa wameshamzika mwenzao.

Marsabit mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mradi wa Ziwa Turkana ulisimamisha mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, ukaunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 na kuzinduliwa rasmi Julai 2019. Ukiangalia umeme tu, utasema kazi imekwisha. Ila wakazi walikuwa wamefika mahakamani tangu 2014, wakidai kwamba ekari 150,000 za malisho zilitengwa bila wao kushirikishwa. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Meru ikaamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata sheria, ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha. Mitambo ilikuwa inazunguka, na hati ya ardhi iliyo chini yake ilikuwa na kasoro. Wawekezaji wanaoniambia kwamba kushirikisha umma kunawachelewesha, huwa nawarejesha kwenye uamuzi huo.

Sasa niseme nilichokiona kwa macho yangu. Kuna baraza moja nililohudhuria, kijiji sitakitaja. Mkutano ulipofunguliwa karatasi ilipitishwa mkono kwa mkono: jina, nambari ya kitambulisho, sahihi. Juu ya karatasi hapakuwa na kichwa cha maneno. Nyanya mmoja aliyekuwa ameketi karibu nami alitia kidole, akapangusa wino kwenye leso, kisha akanigeukia: "Mwanangu, hapa nimekubali nini?" Nikamwambia ni orodha ya waliohudhuria. Baadaye, nilipoipitia ripoti ya tathmini ya athari za mradi kwa mazingira, niliikuta karatasi ile ile nyuma kabisa, sasa ina kichwa: wakazi waliounga mkono mradi. Kidole cha yule nyanya kilikuwa mstari wa kumi na moja.

Kwa hiyo usitie sahihi karatasi isiyo na kichwa. Kama ni mahudhurio, iandikwe mahudhurio, pamoja na tarehe na mahali, na ukiweza ipige picha kabla hujaiachia. Na kwa wenzangu wataalamu wa tathmini: kutoa taarifa ya uongo kwenye ripoti ni kosa la jinai chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, lenye kifungo au faini ya mamilioni ya shilingi, au vyote viwili. Vivyo hivyo kwa mwenye mradi anayeanza kazi bila leseni ya mazingira. Na ili nisionekane naegemea upande mmoja, kuharibu mitambo, nguzo au nyaya ni kosa zito chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, na aliyechoma gari la mkandarasi hataokolewa na uhalali wa hoja yake kuhusu shamba.

Turudi kwenye utaratibu. Mradi wa upepo wa kibiashara hauwezi kuanza bila tathmini ya athari kwa mazingira na leseni kutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira. Kanuni za tathmini za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo mahali pa wazi karibu na eneo la mradi, atoe tangazo gazetini, litangazwe pia redioni, na afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa. Taarifa ya mkutano itolewe angalau wiki moja kabla, na mahali na saa viwafae wakazi. Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya soko haukidhi kanuni hiyo, na una haki ya kuandika hivyo. Ripoti ikishawasilishwa, tangazo hutoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na kwenye gazeti la kawaida kwa wiki mbili mfululizo, likisema ripoti inasomwa wapi na maoni yapelekwe lini. Kwa kawaida ni siku 30. Maoni yanaweza kuwa ya maandishi au ya mdomo, ila nakushauri uandike, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, hata kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari.

Leseni ikitolewa na hukuridhika, una siku 60 za kukata rufaa kwenye jopo la taifa la rufaa za mazingira, linalojulikana kama NET, ambalo linaweza kuamuru kazi isimame wakati shauri likisikilizwa. Asiyeridhika na uamuzi wa jopo ana siku 30 za kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kuna mlango mwingine ambao watu wengi hawaujui: ruhusa ya ujenzi inayotolewa na kaunti. Huo una siku 14 tu, na rufaa inakwenda kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya ardhi ya kaunti. Siku 14 ni chache. Ukisubiri mkutano wa mwisho wa mwezi zimekwisha.

Kwenye ardhi yenyewe, ni muhimu kujua uko kundi gani. Kama ni ardhi ya jamii iliyosajiliwa, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mkataba wa uwekezaji ni batili mpaka theluthi mbili ya watu wazima waukubali kwenye mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo, nao mkutano uwe na angalau theluthi mbili ya watu wazima wa jamii. Wazee watano chini ya mti hawana mamlaka ya kutia sahihi kwa niaba ya wote. Hata kamati ya usimamizi haina mamlaka hayo peke yake. Kama jamii haijasajiliwa, ardhi inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba yenu, na hapo sauti yenu inakuwa dhaifu. Sajilini mapema, kabla hajaja mtu na ramani.

Kama ni shamba lako binafsi la kilimo, mkataba wa kulikodisha unahitaji idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba ufanywe. Bila idhini mkataba hauna nguvu, hata kama umeshalipwa kitu. Bodi itataka kuona hatimiliki, na itauliza kama mke au mume anajua. Mwambie mapema nyumbani. Migogoro mingine inayoletwa kwetu kama ya mazingira, ukiichimba, ni ya mke aliyesikia habari za mtambo siku lori lilipoingia.

Nije kwenye maswali ya barazani, na hapa naomba mnivumilie. Mitambo ya upepo haifukuzi mvua. Mvua ya nyanda zetu inaletwa zaidi na unyevunyevu kutoka Bahari ya Hindi, na mawingu yake hujengeka juu sana kupita ncha ya panga, yaani bawa la mtambo. Vilima vya Ngong vina mitambo tangu 1993 na ng'ombe wanalisha chini yake. Mitambo haitoi mionzi ya saratani wala haiharibu mimba. Ndani yake mna jenereta, gia na nyaya, na uga wake wa umeme unafifia hatua chache kutoka kwenye mnara. Nayasema haya bila kumdharau aliyeuliza, kwa sababu hofu ya mama mjamzito ni hofu halisi. Kinachoniuma ni kuona mkutano wa saa mbili ukiishia kwenye mvua, na mwekezaji akafunga mkoba na kuondoka bila kuulizwa swali hata moja la umbali.

Maana swali la umbali ndilo lenye meno. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku kwa maeneo ya makazi. Mtambo mkubwa wa kisasa husikika kwa desibeli 40 na ushei ukiwa mita 300 kutoka kwake. Hesabu hiyo haihitaji digrii. Na usiku ndio mbaya zaidi: chini kumetulia, majani hayatikisiki, lakini huko juu upepo bado unavuma na mapanga yanakata hewa, fwu, fwu, fwu, kwa mdundo usiobadilika. Kero ya usingizi ndiyo hoja ya afya inayostahili kupiganiwa. Omba ramani ya kelele iliyo kwenye ripoti na uitafute nyumba yako. Kama haimo, hiyo pekee ni hoja ya kuandika.

Fuata na kivuli. Jua likiwa chini nyuma ya mapanga, kivuli hupita dirishani, chumba kikapata mwanga na giza kwa zamu. Ujerumani huweka kikomo cha saa 30 kwa mwaka na dakika 30 kwa siku kwa nyumba moja. Muulize mwekezaji nyumba yako itapata saa ngapi, naye ana programu ya kupiga hesabu hiyo. Kisha ndege. Kinangop ina ndege wa nyasi mwenye kifua cha manjano asiyepatikana nchi nyingine yoyote, na Kajiado ina tumbusi walio hatarini kutoweka. Kwenye mradi wa Kipeto, Kajiado, wenye mitambo 60, wako waangalizi wanaochunga anga na kuamuru mitambo isimame tumbusi wakikaribia. Kwa hiyo atakayekwambia haiwezekani, mwambie inafanyika Kajiado. Huko huko wenye ardhi walikodisha vipande vyao na wakabaki wakichunga mifugo chini ya mitambo.

Suala la faida nalo limejaa matumaini yasiyo na msingi. Nasikia watu wakisema kaunti italipwa mrabaha wa upepo. Sheria ya Kawi ya 2019 imeweka mrabaha kwa mvuke wa ardhini. Upepo haumo. Wala nyaya kubwa zinazopita juu ya paa lako hazitakuletea umeme nyumbani, kwa sababu laini ya volti za juu haigawiwi kwa nyumba bila kituo kidogo cha kupunguza nguvu. Unachotaka kupata, iwe kodi ya kila mwaka, sehemu ya mapato, kisima au umeme wa kijiji, lazima kiandikwe kwenye mkataba, pamoja na nani atang'oa mtambo ukichakaa. Mtambo huishi miaka 20 hadi 25. Msingi wake ni zege la tani mamia, na kama mkataba umenyamaza, zege hilo watarithi wajukuu wako.

Barua ya pingamizi haihitaji maneno makali. Andika jina lako, nambari ya shamba, umbali wa nyumba yako kutoka mtambo wa karibu, nambari ya mtambo huo kwenye ramani ya ripoti, ukurasa usiokubaliana nao, na unachotaka kifanyike: usogezwe, uzimwe usiku, au usijengwe. Barua moja ya namna hiyo ina kazi kubwa kuliko sahihi mia tatu chini ya sentensi "hatutaki mradi". Ipeleke nakala mbili katika ofisi ya NEMA ya kaunti, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Tangazo nalo lipige picha siku ile ile unapoliona, likiwa pale lilipobandikwa. Kwenye rufaa, kabla hujaulizwa lolote kuhusu kelele au tumbusi, utaulizwa uliarifiwa lini.